Nani Anatazama, Nani Anatazamwa: Mitaa ya New York, 1827–1865

Tarehe 25 Februari 1836, watu wapatao 1,500 walilipa senti 50 kila mmoja wakaingia ukumbini, katika barabara ya Broadway jijini New York, kuona maiti ya bibi kizee ikipasuliwa. Marehemu aliitwa Joice Heth. Alikuwa kipofu, mwili umepooza, na maisha yake yote yalikuwa ya utumwa. Tangu Agosti 1835 mfanyabiashara wa maonyesho P. T. Barnum alikuwa akimtembeza mji kwa mji akitangaza kwamba ana miaka 161 na kwamba ndiye aliyemlea George Washington. Watu walipanga foleni wakamkazia macho, wakamshika mkono, wakamuuliza maswali. Daktari David L. Rogers alipomaliza kupasua alisema kuwa bibi huyo hakuzidi miaka 80, na magazeti yakaanza kubishana juu ya umri wake. Hata alipokuwa maiti, Joice Heth aliingiza fedha mifukoni mwa watu wengine.

Kisa hiki kwa kawaida huwekwa katika historia ya burudani, kama mwanzo wa biashara iliyompa Barnum utajiri. Naona hapo si mahali pake. Katika New York ya wakati ule tamasha halikutengana na maisha ya kila siku, na ukumbini kama barabarani watu waligawanywa kwa kipimo kimoja: nani ana haki ya kutazama kisha akaenda zake, na nani kazi yake ni kutazamwa tu.

Tukumbuke jiji lenyewe lilivyokuwa. Mwaka 1820 lilikuwa na wakazi 123,706. Kufikia 1860 walikuwa 813,669. Waairishi na Wajerumani walishuka melini kwa maelfu. Nguruwe walizurura barabarani wakila taka, na Charles Dickens, aliyefika mwaka 1842, aliwaona hata Broadway. Maji safi yalikuwa shida kubwa kiasi kwamba mfereji wa Croton ulipokamilika, jiji zima lilifanya maandamano tarehe 14 Oktoba 1842, chemchemi zikirusha maji juu mbele ya umati. Katika mji wa wageni wasiojuana namna hii, mtu alijulikana kwa macho: mavazi yake, rangi yake, kiti alichokalia, nafasi aliyopewa katika msafara. Msafara wa barabarani ulikuwa kama orodha ya raia iliyosomwa hadharani.

Watu weusi wa New York walilielewa hilo mapema. Sheria iliyokomesha utumwa katika jimbo hilo ilitimia tarehe 4 Julai 1827, lakini wao waliandamana tarehe 5, kwa kuwa siku ya sikukuu ya taifa barabara haikuwa salama kwao. Na uhuru wenyewe ulikuwa nusu. Tangu katiba ya jimbo ya mwaka 1821, mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupiga kura mpaka awe na mali ya dola 250, sharti ambalo mwanamume mweupe hakuwekewa. Aliyenyimwa kura alibaki na miguu yake na barabara.

Msomaji wa pwani yetu atavutiwa na jambo lililotokea kati ya hayo. Tarehe 30 Aprili 1840 iliwasili bandarini New York Sultana, meli ya Sultani Sayyid Said, ikitoka Zanzibar. Ilibeba pembe za ndovu, karafuu, tende na kahawa, na mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman. Umati ulifurika gatini kuwaona wageni hao. Kwa macho ya mpita njia, lilikuwa tamasha kama matamasha mengine. Lakini Ahmad alipokewa na madiwani, akazungushwa kuonyeshwa jiji, na mchoraji Edward Mooney akamchora. Meli ilikarabatiwa Brooklyn kwa gharama ya serikali ya Marekani. Zawadi za Sultani, farasi wakiwemo, zilifika hadi Bungeni, kwa sababu Rais Van Buren hakuruhusiwa kuzipokea kwa jina lake. Basi asidhani mtu kwamba ugeni au rangi peke yake ndiyo iliyomgeuza binadamu kuwa kioja. Nyuma ya Ahmad palikuwa na dola, na biashara ambayo wafanyabiashara wa mji wa Salem, huko Marekani, waliihitaji: ile iliyoleta kwetu kitambaa tunachokiita merikani. Alitazamwa, naye akatazama, kisha mwezi Agosti akang'oa nanga kurudi kwao.

Elizabeth Jennings hakuwa na dola ya kumkinga. Alikuwa mwalimu mweusi, na Jumapili tarehe 16 Julai 1854 alikuwa akienda kanisani kupiga kinanda. Alipopanda tramu ya farasi, kondakta alimwambia ashuke asubiri gari la watu wake. Akakataa. Kondakta akamvuta; Jennings akashikilia dirisha, na mkono ulipobanduliwa akashikilia koti la kondakta huyohuyo. Kofia ya Jennings ilipondwa, nguo zikaharibika, na mwishowe polisi akamsukuma nje mbele ya wapita njia. Alishtaki. Wakili wake, kijana Chester A. Arthur ambaye baadaye alikuwa Rais, alishinda kesi mwaka 1855, na baraza la wazee wa mahakama likampa dola 225. Kwangu mimi kesi hii ina uzito kuliko maonyesho yote ya Barnum, maana mwanamke huyu aligeuza aibu aliyofanyiwa hadharani kuwa ushahidi.

Hata hivyo ushindi huo haukutosha. Mwezi Julai 1863, katika ghasia za kupinga kuandikishwa jeshini kwa lazima, watu weusi waliuawa mitaani na kituo cha yatima wao kwenye Fifth Avenue kikateketezwa kwa moto. Chini ya miaka miwili baadaye jeneza la Abraham Lincoln lilipita jijini humo. Halmashauri ya jiji ilitaka kuwazuia watu weusi wasiandamane nyuma ya aliyetia sahihi tangazo la ukombozi, hadi amri ilipotoka Wizara ya Vita kwamba waruhusiwe. Tarehe 25 Aprili 1865 waliandamana, wamewekwa mwisho kabisa wa msafara, wakilindwa na polisi.