Kutoka bahasha hadi mtandao: Historia ya kusoma kwa mbali Nairobi

JIRANI yangu hapa Woodley hufika nyumbani saa mbili usiku, baada ya kupambana na foleni ya Ngong Road. Hupika, huwalaza watoto, kisha hufungua tarakilishi. Anasomea shahada ya uzamili katika usimamizi wa teknolojia ya habari. Darasa lake liko mtandaoni na wahadhiri wake hajawahi kuwatia machoni. Juzi aliniuliza swali lililonikosesha usingizi: "Prof, kweli hii digrii ya mtandaoni itaheshimiwa, ama niache tu?"

Nikiri kosa langu kwanza. Kwa miaka mingi mimi pia nilidhani kwamba asiyekaa mbele ya mwalimu hajasoma. Historia ndiyo iliyonikosoa.

Kusoma kwa mbali hakukuletwa na intaneti. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini wanafunzi wa nje mnamo 1858. Hapa kwetu, kitengo cha elimu kwa njia ya posta kiliundwa mwaka wa 1967 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado Chuo Kikuu Kishiriki. Walimu wengi wa shule za msingi hawakuwa na vyeti vya kutosha, na serikali isingeweza kuwaondoa madarasani ili wakasome. Basi masomo yakawafuata waliko. Walitumiwa vijitabu kwa bahasha, wakasikiliza vipindi kwenye Sauti ya Kenya, wakaandika majibu na kuyarudisha kwa posta. Mkufunzi aliyasahihisha na kuyarejesha yakiwa na maelezo.

Mnamo 1986 chuo hicho kilipiga hatua nyingine kwa kuanzisha shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje, chini ya kampasi ya Kikuyu. Walimu walisoma majumbani, na likizo zikifika walikutana ana kwa ana na wahadhiri wao. Jirani zetu Watanzania nao walipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria mnamo 1992.

Kisha ikaja enzi ya setilaiti. Mnamo 1997 Benki ya Dunia ilizindua Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, maarufu kama AVU. Mihadhara ilirushwa kutoka Washington, nao wanafunzi katika vituo kama Chuo Kikuu cha Kenyatta wakaitazama kwenye skrini na kuuliza maswali kwa simu. Baadaye AVU ilishirikiana na chuo cha RMIT cha Australia kutoa masomo ya sayansi ya kompyuta. Mnamo 2002 makao yake yalihamia Nairobi. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ya kasi ilianza kuingia majumbani, na haja ya kukusanyika mbele ya skrini moja ikapungua. Agosti 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake kule Konza.

Tazama mfuatano huo: bahasha, redio, setilaiti, intaneti. Kila chombo kilipokuja tulikishangilia kana kwamba chombo ndicho elimu. Lakini mwalimu wa 1967 hakusukumwa mbele na bahasha. Kilichomsukuma ni yale maelezo ya wino pembeni mwa jibu lake, ushahidi kwamba kuna mtu upande wa pili aliyemsoma. Intaneti ina kasi kuliko posta, ila kasi hiyo haina faida ikiwa kazi ya mwanafunzi itarudishwa na alama tupu, bila neno.

Hapa lugha ina la kutufunza. Neno uzamili linanikumbusha neno la Kiarabu zamil, yaani mwenzi wa kazi au wa masomo. Usomi wa kiwango hiki ni ushirika. Lakini sisi tumezoea kusema "elimu ya mbali", na neno mbali limetulevya: mwanafunzi tumemweka mbali kweli, tukamwachia video na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kazi. Halafu akiacha masomo, tunasema hakuwa na nidhamu!

Kuna na suala la lugha ya kufundishia. Mnamo 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Walithibitisha kwamba Kiswahili kinaimudu tarakilishi. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, sawa, lakini nani amekataza wanafunzi kujadili usalama wa data kwa lugha wanayotumia sokoni Toi na ofisini mjini?

Nilimjibu jirani yangu hivi: usiache. Shahada huheshimiwa kwa kazi iliyofanywa, haidharauliwi kwa sababu ya njia iliyopitia. Ila usisome peke yako. Tafuta wenzako watatu au wanne wa kozi hiyo, mkutane hata Jumamosi moja kwa mwezi. Naye mhadhiri wako mwandikie, umuulize, umsumbue. Kwa wahadhiri wenzangu nasema: mkufunzi wa bahasha alijibu kwa kalamu, barua ikachukua wiki nzima njiani. Sisi tunaojibu kwa kubofya tuna kisingizio gani?