Mji Huhesabiwa Usiku

Tarehe 30 Machi, 1950, mji wa Nairobi ulipewa hati ya kuwa jiji. Hati hiyo ilitoka kwa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, ikaletwa na ndugu yake, Duke wa Gloucester. Hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 1948 ilikuwa imeonyesha kwamba Nairobi ina wakazi wapatao 119,000. Msomaji na aiweke tarakimu hiyo moyoni, kisha tufuatane mpaka Kitale, mji ulio kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Katika hesabu ya mwaka 2019 Kitale ilikuwa na watu 162,174. Iliipita Nairobi ya siku ile kwa watu zaidi ya arobaini elfu. Walakini Kitale si jiji, wala hati ya jiji haiko karibu kuifikia.

Zamani cheo cha mji kilikuwa tunu itokayo mkononi mwa mtawala, naye hakulazimika kuhesabu vichwa. Huko Uingereza, Wells ni jiji tangu kale, ingawa wakazi wake ni wachache tu. Kenya ilichagua kipimo kingine. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ilitaka jiji liwe na watu wasiopungua 500,000, na manispaa 250,000. Iliongeza masharti mengine: uwezo wa kukusanya mapato, masoko, taa za barabarani, kikosi cha zimamoto, na mahali pa kutupa taka. Lakini masharti hayo hubishaniwa, na idadi haibishaniwi. Ndiyo maana idadi ikawa mlango, na mengine yakawa mapambo ya mlango.

Ili tufahamu jinsi mlango huo ulivyoigusa miji midogo, yatupasa kutazama miji hiyo ilikotoka. Kitale ilizaliwa na walowezi wa Kizungu waliotwaa ardhi ya Trans Nzoia, na reli ikaufikia mji huo mwaka 1926. Mahindi, ngano na pareto vilishuka kutoka mashambani vikapakiwa hapo. Mwaka 1956 kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ikaanzishwa hapo hapo. Waafrika waliofanya kazi katika mashamba yale hawakuruhusiwa kumiliki hata shubiri moja ya ardhi ile. Baada ya uhuru wengine walipata viwanja katika mashamba yaliyogawanywa, wengine hawakupata. Na mtu asiye na shamba hana budi kutafuta chumba mjini. Mitaa kama Tuwan na Kipsongo ilijaa watu wa namna hiyo.

Bungoma ilikua kwa njia nyingine. Nayo ilipata stesheni, kwani reli ya kwenda Uganda, iliyofika Kampala mwaka 1931, ilipita hapo. Lakini watu wa nchi ile walikuwa katika ardhi ya babu zao. Mwalimu wa Bungoma au karani wa ofisi yake alifanya kazi mjini, na jioni akarudi kwake, penye migomba na ng'ombe wake. Tena nchi ile haikutegemea mji mmoja: kulikuwa na Webuye, Kimilili na soko kubwa la Chwele. Basi tazama matokeo yake. Mwaka 2019 Kaunti ya Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570, na mji wake mkuu 68,031 tu. Kaunti ya Trans Nzoia ilikuwa na watu 990,341, yaani pungufu sana, lakini mji wake ulikuwa zaidi ya maradufu ya Bungoma. Mtu akitazama tarakimu peke yake atadhani Bungoma ni mji uliozembea. Kumbe ni mji ambao watu wake hawakunyang'anywa makwao.

Kabla ya mwaka 2013 miji yote miwili ilikuwa na mabaraza ya manispaa, yenye madiwani na meya. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka huo mabaraza yakavunjwa, na sheria mpya ilidai watu 250,000 kwa manispaa. Kwa kipimo hicho Kitale ilikuwa imeachwa nje ya mlango, na Bungoma nje ya ua kabisa. Mwenye shida ya maji machafu au jalala lililofurika hakuwa tena na diwani wa mji wa kumwendea. Ilimlazimu aende kwa kaunti, ambayo ina vijiji vingi vya kutunza mbali na mji.

Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa: jiji likashushwa hadi watu 250,000, na manispaa hadi 50,000. Bungoma ikavuka kwa watu 18,031. Jambo hilo halikuwa la fahari tupu. Katika miaka ile mradi wa kusaidia miji 59, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulitaka kila mji uwe na hati na bodi yake ndipo upewe fedha. Na fedha zenyewe ziligawanywa kwa kutazama idadi ya wakazi wa mjini. Kitale na Bungoma zilikuwa miongoni mwa miji hiyo.

Aliyefaidi zaidi kwa kushushwa kwa kipimo alikuwa jirani yao mkubwa. Eldoret ilihesabiwa watu 475,716; kwa sheria ya kwanza ilipungukiwa na watu 24,284, na kwa sheria ya pili ilikuwa na ziada tele. Tarehe 15 Agosti, 2024, ikapewa hati ya jiji. Kitale iko mwendo wa kilomita sabini hivi kutoka hapo. Wako wanaohofu kwamba sasa kila kitu kizuri kitavutwa Eldoret. Mimi naona mambo yalianza zamani: mgonjwa aliyeshindikana Kitale alikuwa akipelekwa katika hospitali kuu ya Eldoret miaka mingi kabla ya hati. Hospitali, chuo kikuu na uwanja wa ndege vilitangulia, cheo kikafuata.

Kitale inahitaji watu 87,826 zaidi ili ifikie kipimo cha jiji. Watatoka wapi? Watazaliwa, watahamia, au mpaka utasogezwa. Njia hii ya tatu ndiyo nyepesi kwa wakubwa na nzito kwa mkulima. Mpaka ukisogezwa, shamba la mahindi laweza kulala kijijini likaamka mjini, na mwenyewe akaulizwa kodi ya kiwanja na ramani ya nyumba, ilhali taa ya barabarani bado haijamfikia.

Kuna jambo jingine ambalo wenye sheria hawakulitia maanani. Sensa ya mwaka 2019 iliuliza kila mtu amelala wapi usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Miji hii lakini hufanya kazi yake mchana. Saa nne asubuhi siku ya soko, Kitale hubeba watu wa Kiminini, Endebess, Kwanza na Kapenguria. Wanatumia barabara zake, maji yake na vyoo vyake, na taka zao hubaki hapo. Ikifika saa kumi na mbili jioni matatu zinajaa, akina mama wanapandisha vikapu vitupu, na mji unapungua. Karani wa sensa huwakuta huko kwao, akawaandika huko.