Hisi Tano za Ndani

Tunaposema "akili", mara nyingi tunafunga mizigo mingi katika furushi moja. Ibn Sina (980–1037) alilifungua, akahesabu hisi tano za ndani. Ya kwanza hukusanya yaletwayo na macho na masikio. Ya pili hutunza sura zake. Ya tatu huziunga na kuzitenga. Ya nne hung'amua maana isiyoonekana, kama kondoo ang'amuavyo uadui wa mbwamwitu. Ya tano, hafidha, hutunza maana hizo. Shina la hafidha ndilo la neno letu hifadhi.

Katika ualimu wangu nilisahihisha insha nyingi zilizoyaita yote hayo "akili". Washairi tusiridhike hapo. Amliliaye marehemu hukumbuka. Ampaye marehemu sauti hubuni. Asiyezipambanua kazi hizo atausoma ubunifu kama ushahidi.