Kiluwiluwi Yupi?

Mvua za Novemba zikishakolea huku Tulia, Kitui Magharibi, wito wa afya ni ule ule wa kila mwaka: mwageni maji yaliyotuama, ueni viluwiluwi. Kwa kopo, gurudumu kuukuu na mtungi uliopasuka, wito huo ni wa haki kabisa. Tatizo ni silanga, bwawa dogo lililochimbwa nyuma ya nyumba. Mtu akisikia neno viluwiluwi, humimina oili chafu juu ya maji, akaua alichokusudia pamoja na kile ambacho kingemsaidia.

Neno kiluwiluwi limebeba watoto wawili wa mbari mbalimbali: wa mbu na wa chura. Chota maji kwa bakuli jeupe uwatazame. Wa mbu huja juu kuvuta hewa. Yule wa mbu aina ya kuleksi huning'inia kichwa chini, mrija wake wa nyuma ukigusa uso wa maji. Yule wa anofelesi, mbu wa malaria, hana mrija, kwa hiyo hulala sambamba na uso wa maji. Pitisha kivuli cha mkono, wote hujipinda na kuzama. Wa chura ni kichwa kinene chenye mkia, hupumua kwa mashavu, na wengi wao hukwangua mwani kwenye mawe. Kamusini limo neno ndubwi kwa huyu wa pili, nami natamani walimu wetu wa sayansi walifufue, kiluwiluwi abaki na mbu wake. Majini yupo pia wa tatu, mtoto wa kereng'ende. Huyu tumwite tunutu, neno ambalo wengi hulijua kwa nzige tu. Tunutu wa kereng'ende huishi majini akiwinda, na viluwiluwi vya mbu ni chakula chake. Oili humuua naye.

Hata kutuama kunahitaji mizani. Maji ya kwenye kopo yametuama. Silanga yenye ndago ukingoni, yungiyungi katikati na tunutu matopeni nayo haitiririki, lakini ina walinzi. Ningependa tuiite silanga hai.

Kuhusu kina hatuna haja ya kubuni istilahi, kwa sababu Kiswahili kilikwisha kupima maji kwa mwili: maji ya kifundo, ya magoti, ya kiuno, ya shingo. Silanga inayofaa viumbe ina vipimo kadhaa kwa pamoja. Upande mmoja uwe maji ya kifundo, ndege waoge na ndubwi wapate joto la jua. Katikati pafike kiunoni au zaidi, maana jua la Ukambani hunywa zaidi ya mita moja na nusu ya maji kwa mwaka. Mashimo mengi ya siku hizi yana kuta za wima zilizotandikwa turubai la plastiki. Chura aliyeingia hapo huparamia, huteleza, huparamia tena, mpaka nguvu zinamwishia. Gunia lililojazwa mchanga na kulazwa kutoka ukingoni hadi ndani ya maji linamtosha kupandia. Ua lenye mlango wa kufungwa ni la lazima, kwa ajili ya watoto wetu wenyewe.

Wengi hutaka kutia samaki. Perege hula viluwiluwi, ni kweli, lakini kambale hala kwa kuchagua; ukimweka, usitarajie ndubwi. Mimi ningeacha silanga ndogo bila samaki. Mbuzi nao wanyweshwe kwenye karai pembeni, kwa kuwa kinyesi chao kikisombwa ndani hurutubisha mwani mpaka maji yanageuka uji wa kijani.

Na kabla ya kukata matawi yanayoinamia maji, angalia juu. Katika nyanda kavu za Kenya wapo vyura wa mitini wanaotaga ndani ya povu, nao hulitundika tawini juu ya dimbwi la msimu. Kwa nje povu hukauka likawa gamba jeupe, ndani likabaki na unyevu. Siku chache baadaye hulainika kwa chini, na ndubwi wanadondoka majini mmoja mmoja. Watu huliondoa wakidhani ni utando wa buibui au uchafu. Povu hilo bado halina jina la Kiswahili ninalolijua; wenye Kikamba waliochunga mbuzi kando ya madimbwi hayo ndio wa kuulizwa kwanza.