Majina ya Sayari na Mwendo Wake: Historia ya Istilahi

Mwanafunzi anayeanza kujifunza habari za mfumo wa jua hukutana na tatizo la lugha kabla hajakutana na tatizo la sayansi. Katika kitabu kimoja husoma kwamba sayari iliyo karibu zaidi na Jua ni Utaridi. Katika kingine sayari hiyo hiyo huitwa Zebaki. Sayari yenye pete kubwa huitwa Zohali hapa, na Sarateni pale. Mwalimu akiulizwa ni lipi lililo sahihi, huenda akajibu kwamba yote ni sawa, na somo likaendelea. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba si yote yaliyo sawa, na kwamba sababu yake imo katika historia ya elimu yenyewe ya mwendo wa sayari.

Nyota zisizotulia

Tuanze na neno sayari. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kwenda au kusafiri. Wayunani wa kale nao waliziita sayari kwa jina lenye maana ya wenye kutangatanga. Sababu ilikuwa moja. Mtu akitazama mbingu usiku baada ya usiku ataona kwamba nyota karibu zote hushika nafasi zake. Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wetu walikitumia kujua majira ya kulima, hakibadiliki umbo mwaka hata mwaka. Lakini ziko 5 zionekanazo kwa macho matupu ambazo hazitulii: leo moja iko karibu na nyota fulani, na baada ya mwezi imekwisha kuihama. Hizo ndizo Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Wataalamu wa kale walizihesabu pamoja na Jua na Mwezi, zikawa 7, na wote hao walidhaniwa kuizunguka Dunia. Katika karne ya 2 Ptolemaio wa Aleksandria aliupanga mwendo wao kwa hesabu, na katika karne ya 9 kitabu chake kilikuwa kimekwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu na kusomwa Baghdad.

Elimu hiyo, ambayo sisi huiita falaki, ilifika pwani ya Afrika ya Mashariki pamoja na dini na biashara ya majahazi. Ilikuwa elimu ya kazi: kujua nyakati za sala, upande wa kibla, mwandamo wa mwezi na njia ya chombo baharini. Watu wa pwani walikuwa pia na mwaka wa jua wa siku 365, ulioanzia Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku 10 kumi, ili nahodha na mkulima wapate kujua wakati wa kaskazi na wa kusi. Kwa hiyo majina ya sayari hayakuja kwetu moja moja kwa bahati. Yalikuja kama jamaa moja, kila jina likiwa na mwenyewe.

Tukilijua hilo, makosa mawili niliyoyataja yanaeleweka. Saratani, au Kaa, si sayari. Ni moja katika buruji 12, yaani makundi ya nyota ambamo sayari huonekana zikipita. Zohali huchukua miaka 29 na nusu hivi kumaliza mzunguko wake, kwa hiyo hukaa katika kila buruji kwa wastani wa miaka 2 na nusu, kisha huhama. Kuiita Sarateni ni sawa na kumwita msafiri kwa jina la kijiji alicholala. Jambo baya zaidi ni kwamba kosa hili linafuta tofauti baina ya nyota iliyotulia na nyota inayosafiri, nayo ndiyo tofauti ya kwanza anayopaswa kufundishwa mwanafunzi. Ama zebaki, hiyo ni madini ya majimaji. Katika Kiingereza madini hayo na sayari ile zina jina moja. Katika Kiswahili ni vitu viwili vyenye majina mawili. Anayeandika Zebaki kwa maana ya sayari ametafsiri neno, hakutafsiri kitu.

Jua lashika nafasi ya katikati

Mpango wa Ptolemaio ulikuwa na taabu moja kubwa. Kila baada ya miezi 26 hivi, Mirihi huonekana kusimama, kurudi nyuma kwa wiki kadhaa, kisha kuendelea mbele. Ili kulieleza jambo hili wataalamu walilazimika kuweka duara juu ya duara. Mwaka 1543 Nicolaus Copernicus wa Poland alichapisha kitabu kilichoweka Jua katikati na kuifanya Dunia kuwa sayari mojawapo. Kurudi nyuma kwa Mirihi kukapata maelezo mepesi: abiria aliye ndani ya basi linalompita mwendesha baiskeli humwona kana kwamba anarudi nyuma, ingawa wote wawili wanakwenda mbele. Dunia ndiyo basi, na Mirihi ndiyo baiskeli.

Mwaka 1609 Johannes Kepler, akitumia vipimo vya Mirihi vilivyoachwa na Tycho Brahe, alionyesha kwamba njia ya sayari si duara kamili bali ni duaradufu, na kwamba sayari huenda kasi zaidi inapolikaribia Jua. Mwaka 1619 alitoa kanuni inayounganisha umbali wa sayari na muda wa mzunguko wake: Utaridi humaliza mzunguko kwa siku 88, Mushtarii kwa miaka 12 hivi. Galileo Galilei naye, kwa darubini yake, aliona mwaka 1610 kwamba Mushtarii ina miezi 4 inayoizunguka, na kwamba Zuhura hukua na kupungua umbo kama Mwezi. Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza sababu ya yote hayo, yaani nguvu ya uvutano.

Mabadiliko haya hayakuhitaji majina mapya kwa sayari zile 5. Yalihitaji lugha mpya ya mwendo, na hapa Kiswahili kina hazina ambayo aghalabu hatuitumii.

Mienendo miwili, kitenzi kimoja

Sentensi “Dunia inazunguka” husikika sana madarasani, nayo haitoshi. Dunia ina mienendo miwili: mmoja huleta usiku na mchana kwa takribani saa 24, na mwingine huleta mwaka kwa siku 365 na robo hivi. Mwanafunzi asiyeitenganisha hatafahamu hata kidogo kwa nini kuna majira. Lakini sarufi yetu inaitenganisha kwa urahisi. Tukisema “Dunia hujizungusha katika mhimili wake”, kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni kitu kimoja. Tukisema “Dunia hulizunguka Jua”, kiambishi -li- kinamtaja anayezungukwa. Hakuna haja ya kukopa vitenzi viwili. Taabu iko katika nomino, kwa kuwa “mzunguko” hutumika kwa maana zote mbili. Napendekeza waandishi wasiliache neno hilo peke yake: waseme “mzunguko katika mhimili” na “mzunguko katika njia”, mpaka Baraza litakapoamua vinginevyo.

Sayari ambazo wazee hawakuziona

Yabaki majina ya sayari zilizogunduliwa kwa darubini. William Herschel aliigundua Uranusi huko Uingereza mwaka 1781. Neptuni ilionekana Berlin mwaka 1846, baada ya Urbain Le Verrier wa Ufaransa kukokotoa mahali ilipopaswa kuwa. Wanafalaki wa kale hawakuzijua, kwa hiyo hazina majina katika jamaa ile ya kwanza, wala si vema kuzipa majina ya buruji au ya sayari nyingine ili tu zionekane za Kiswahili. Majina yao ya kimataifa, yakiandikwa kwa sauti zetu, yanatosha. Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930, imehesabiwa kuwa sayari kibete tangu mwaka 2006. Hivyo sayari ni 8: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mushtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni.

Huenda wako watakaosema kwamba Zebaki na Sarateni yamekwisha kuzoeleka, na kwamba kuyaondoa ni kuwasumbua walimu. Hoja hiyo ina uzito, maana istilahi haiishi bila watumiaji. Hata hivyo, mwalimu anayefundisha jina la kosa hulazimika kulifundisha upya kila mwanafunzi wake anapofungua kitabu kingine, na mfasiri wa kesho atajenga juu ya kosa la leo. Ni nafuu kusahihisha majina mawili sasa kuliko vitabu vingi baadaye. Walimu na wafasiri wenye maoni juu ya mapendekezo haya, hasa lile la “mzunguko”, wanaombwa kuyaleta ili yajadiliwe.