Je, orodha ya mahitaji ya gemu inaaminika?

Kijana wa Iyunga anayetafuta kompyuta iliyotumika mjini Mbeya kwa ajili ya gemu huanza kwa kusoma kwenye simu orodha ya mahitaji inayotolewa na watengenezaji wa gemu. Je, aiamini? Tunajibu: aiamini, lakini asiishie hapo.

Orodha huwa na ngazi mbili. Kiwango cha chini humaanisha gemu litafunguka na kuchezeka, mara nyingi kwa picha hafifu. Kiwango kinachopendekezwa ndicho cha kufuata. Grand Theft Auto V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, ilitaja RAM ya GB 4 kuwa kiwango cha chini, na GB 8 kinachopendekezwa.

Orodha pia hubadilika. Cyberpunk 2077 ilipotoka mwaka 2020, kiwango cha chini kilikuwa RAM ya GB 8. Mwaka 2023 watengenezaji wake walikipandisha hadi GB 12 na kutaka diski ya SSD.

Muuzaji akikwambia "hii ni Core i5", uliza ni ya mwaka gani, kwani za kwanza zilitoka 2009. Uliza pia kadi ya picha, maana RAM kubwa haiwezi kuziba pengo lake.

Msikilizaji, kabla ya kutoa fedha ulizopata kwa mahindi au viazi, omba gemu lenyewe lifunguliwe mbele yako, ulicheze nusu saa. Likikwama hapo dukani, nyumbani halitapona.