Pikapu na Nyumba za Kukokotwa Nchini Marekani
Mwaka 1925 Ford ilianza kuuza Model T yenye bodi ya pikapu iliyoundwa kiwandani, kwa dola 281. Lilikuwa gari la shamba. Injini yake ya nguvu farasi 20 haikuweza kukokota nyumba ya maana. Hata trela za kulala za miaka ya 1930, kama Airstream Clipper ya alumini ya 1936, zilivutwa zaidi na magari ya saluni.

Mageuzi makubwa yaliletwa na trela zinazofungwa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, badala ya nyuma ya bampa. Trela ikapunguza kuyumba, lakini mzigo ukaielemea pikapu yenyewe. Mnunuzi makini akalazimika kupima springi, ekseli, breki na uzito unaoruhusiwa kubebwa, si injini pekee. Injini nazo ziliimarika: kuanzia toleo la 1989, injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9 iliipa pikapu ya Dodge nguvu ya kupandia milima.

Kwa miaka mingi kila kiwanda kilijitangazia uwezo wa kuvuta wa pikapu zake kwa kipimo chake chenyewe, jambo lililomwonea mnunuzi. Hatimaye kikaja kipimo cha pamoja, SAE J2807, na Toyota ikawa ya kwanza kukifuata, kwa Tundra ya 2011.